Moshi wa Marehemu Mikononi Mwangu

Yule sista alikuwa na tabia ya kunusa mikono ya watu. Ukimaliza kunawa kwenye sinki lililokuwa kando ya mlango, ukajikausha kwa karatasi, ulimnyoshea viganja kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha, naye aliinama akavuta pumzi taratibu. Alinusa viganja, akaigeuza mikono akanusa na mgongo wake, ndipo akakufungulia chumba cha watoto. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimepasuliwa tumbo siku chache tu nyuma, nimejikokota kwa kushika ukuta kutoka hosteli ya akina mama, halafu mtu ananinusa kama mbwa wa polisi. Nilimwambia mimi si mchafu. Akasema hakuna aliyesema mimi ni mchafu, akaushika mkono wangu wa pili akaunusa pia.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa upande wa magharibi wa jiji, mahali ambapo upepo ukigeuka mchana ulituletea harufu ya nyama choma kutoka Kenyatta Market, nasi tuliokuwa tukila kabeji ya hospitali tukameza mate. Ulikuwa mwezi wa saba. Nairobi ilikuwa imefunikwa na lile wingu lake la kijivu ambalo hukaa juma zima bila kunyesha wala kuondoka, na mchana ulifanana na asubuhi.

Kilichonitisha ndani ya chumba kile ni ukimya. Tumezoea kwamba palipo na watoto wachanga pana kelele. Hawa walikuwa hawalii, kwa sababu walizaliwa kabla ya miezi yao kutimia na nguvu za kulia hawakuwa nazo. Walilala kila mmoja ndani ya kisanduku chake cha kioo, wekundu, ngozi imewapwaya kama nguo ya kuazima, na mashine zikiwahesabia pumzi. Ukiingia ulijikuta unatembea kwa ncha za vidole kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba.

Wangu alikuwa kisanduku cha mwisho, karibu na ukuta. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, na sista alinieleza bila kuupamba: alikuwa akisahau kupumua. Kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka kilitulia tu, bila vurugu, kama mtu aliyenyamaza katikati ya maneno ili afikiri. Mashine ililia, sista akaja akamgusa wayo kwa kidole, naye akashtuka akakumbuka. Walisema watoto wa umri ule huwa hivyo, kwamba akikua ataacha. Lakini hakuna aliyeniahidi kwamba atakua. Kila nilipotoka pale nilitoka na swali hilo hilo, kwamba je, siku moja asahau halafu asikumbuke tena?

Jina lake lilikuwa limemtangulia. Mimi ni Mkamba, nimeolewa na Mkikuyu, na kwao kijana wa kwanza hatafutiwi jina: anapewa la baba ya baba yake. Kwetu pia tunarithisha majina, kwa hivyo hilo halikunisumbua. Baba mkwe wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nyanya wengi wa kwao humwita mjukuu wa namna hiyo “mume wangu”, wakamtania kwamba amekuja kuwaoa mara ya pili, na watu wote wakacheka. Mama mkwe hakuwa akicheka. Siku aliyomwona mtoto kupitia kioo cha korido alisimama muda mrefu, mkono mmoja kifuani, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia mtu akimkuta mwenzake nyumbani jioni, “Mzee wangu, kumbe umefika.”

Nilivuta leso mabegani. Nikajiambia ni uchovu.

Mzee huyo nilimjua vizuri, maana tuliishi naye mtaa wa Woodley, katika nyumba ya zamani ya baraza la jiji ambamo yeye na mkewe walikuwa wamekaa tangu ujana wao. Alikuwa karani mstaafu, mpole, mtu wa kiti kimoja. Kiti chenyewe kilikuwa karibu na dirisha la sebuleni, na hapo alivuta sigara tangu chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari, amevaa sweta moja ya kahawia iliyokuwa na viraka vya ngozi viwikoni. Alikufa kwa kifua. Mwishoni alikuwa akitafuta pumzi kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko uliotoboka, na hata hivyo vidole vyake viwili viliendelea kuachana, vikisubiri sigara ambayo hakuna tena aliyethubutu kumpa.

Baada ya mazishi mume wangu alizipaka rangi nyeupe kuta za sebule zilizokuwa zimegeuka manjano kwa moshi. Haikuchukua muda, ule umanjano ukatokeza tena kupitia rangi mpya, kwanza kama jasho, kisha doa kubwa lililokuwa juu ya kiti cha mzee hasa. Mume wangu akapaka mara ya pili. Likarudi. Fundi mmoja alituambia moshi wa miaka mingi huwa hivyo, unakaa ndani ya plasta na kuteremka polepole. Mama mkwe alituambia tuache ukuta upumzike, na nikaona kwamba hakusikitika hata kidogo.

Basi kila alasiri mama mkwe alikuja hospitali kwa miguu kutoka Woodley, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu chupa ya uji na sindano zake za kufumia. Nyanya hawakuruhusiwa kuingia chumba cha watoto. Tulikaa kwenye benchi ya veranda ya hosteli, akanimiminia uji, akahakikisha nimeumaliza, kisha akanitaka nimshikie uzi. Watu waliokulia na mama anayefuma wanajua kazi hiyo. Unanyosha mikono miwili mbele yako, vidole gumba juu, uzi unazungushwa humo kama pete kubwa, halafu mfumaji anauvuta kidogo kidogo akiuzungusha kuwa donge, nawe unainamisha mkono huu, unainamisha mkono ule, mpaka uishe. Alikuwa akimfumia mtoto kofia. Ningeweza kumnunulia mjini, lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kunyimwa kazi, na mgala muue na haki yake umpe: uji ule ndio ulionirudishia maziwa. Nikamshikia uzi wake nikitazama lile wingu.

Siku ya kwanza ya harufu, sista alinusa mkono wangu mara moja, akainuka, akanitazama usoni, akanusa tena. Aliniuliza kama navuta. Nikamwambia sijawahi kuweka sigara mdomoni tangu nizaliwe. Akaniuliza kuhusu mume wangu. Nikasema naye havuti. Akanirudisha kwenye sinki, akasimama nyuma yangu nikisugua.

“Mama, hii ni sigara,” alisema. “Si moshi ya nyama, si makaa. Ukiingiza hii mikono kwa mtoto wako, ni kama umemvutia hapo ndani. Hiyo mapafu yake haijui kujitetea.”

Nikamwambia nimejipaka ile dawa ya spiriti ya ukutani. Akasema ile inaua wadudu, moshi inaufunika tu. Kinachoondoa ni sabuni na maji na muda, chini ya kucha, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Alinisuguisha mpaka akaridhika. Nilipoingiza mkono kwenye tundu la kisanduku mtoto alikuwa amelala na vidole vyake viwili vimeachana, kimoja hapa, kimoja pale, na katikati hakuna kitu. Nilivisukuma vikutane. Vikaachana tena.

Mtu akiniuliza nina tabia gani mbaya nitasema ni hii: nikishuku, silali mpaka nimekwenda kuona kwa macho yangu. Siku iliyofuata niliomba ruhusa, nikajifunga tumbo kwa leso, nikaenda Ngara alikokuwa mume wangu akiuza vitambaa vya mapazia kwa jumla. Wakati huo baraza la jiji lilikuwa limeanza kuwakamata wanaovuta barabarani, na wavutaji walijazana kwenye vibanda walivyotengewa, wamebanana ndani ya moshi wao kama watu wanaongoja hukumu. Nilipita kibanda kimoja nikikagua uso mmoja mmoja. Hakuwemo. Nilimkuta dukani anampimia mteja kitambaa. Sikusalimia. Nilimshika mikono yote miwili mbele ya wateja nikaipeleka puani.

Ilinuka vumbi la vitambaa, na sarafu, na maandazi. Mume wangu aliniacha nimnuse mpaka nimalize, maana ananijua. Nilipomweleza, hakukasirika; alikaa chini juu ya mzigo wa mapazia na uso wake ukabadilika.

“Mimi nilizika baba yangu juu ya hiyo kitu,” alisema. “Naanzaje kuivuta?”

Nilirudi hospitali nikiwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi. Kama si yeye, ni nani? Nilinawa. Nilinusa. Na sasa pua yangu, iliyokuwa imekaa siku nyingi kwenye hewa ile iliyosuguliwa ya hospitali, ilikuwa imeamka, na kwa mara ya kwanza niliisikia harufu yenyewe waziwazi. Haikuwa sigara tu. Ilikuwa sigara ya mzee. Niliitambua kama unavyotambua kikohozi cha mtu ukiwa chumba cha pili. Niligeuka kutazama nyuma yangu kwenye ile korido ndefu, na hapakuwa na mtu ila ndoo ya msafishaji.

Kuanzia hapo nilianza kupigana na mikono yangu mwenyewe. Nilinawa kwa sabuni ya kipande, nikanawa kwa sabuni ya unga. Jirani yangu wa kitanda, mwanamke wa Machakos aliyekuwa na mapacha ndani ya visanduku, alinishauri jivu, mwingine akanishauri sukari iliyochanganywa na mafuta ya kupikia, mwingine limau. Nilituma mtu limau Kenyatta Market, nikazisugua nusu nusu mpaka ngozi ikaanza kuchanika kwenye viungo. Asubuhi sista alininusa akaniruhusu. Jioni alininusa akanirudisha kwenye sinki. Asubuhi safi, jioni moshi. Hosteli ikaanza kunong'ona. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: siku moja yule mwanamke wa Machakos alinivuta kando akaniambia kwa Kikamba, bila ubaya wowote, kwamba huyo mzee wetu anatembea, na kwamba mtu aliyepewa jina la marehemu mwenye kiu, marehemu humfuata. Nilimwambia mimi ni Mkristo. Akasema yeye pia.

Na mtoto akazidi kusahau. Sisemi ni kwa sababu ya mikono yangu. Niliuliza baadaye nikaambiwa hakuna awezaye kusema. Nasema tu nilichokiona. Jioni moja nilikuwa nimeingiza mkono, kiganja changu kimemfunika mgongo wote, nikahisi kile kifua chini ya kidole changu kikitulia. Mashine ikalia. Sista akamgusa wayo, akamgusa tena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi ikawa kama zambarau. Sista alimgeuza, akamsugua mgongo, akamwekea kile kipulizio usoni, na mimi nimesimama pale nimenyosha mikono hewani kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Mtoto alipovuta hewa alitoa sauti ndogo kavu kooni. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kwa miaka mingi kutoka kwenye kile kiti cha Woodley.

Nilimwambia mama mkwe yote kesho yake. Nilitarajia alie. Alisikiliza huku akizungusha uzi kutoka mikononi mwangu, na nilipofika kwenye ile harufu mikono yake ikasimama.

“Umeisikia?” aliniuliza. “Hata wewe?”

Uso wake ulikuwa umejaa furaha. Akaniambia nisiogope, kwamba mzee amekuja kuliona jina lake, na akishaliona atatulia. Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa mama yule mzee mpole mchana ule. Nilitaka kumkimbia, na sikuweza kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefungwa na uzi wake.

Ni sista aliyenipa macho bila kujua. Jioni hiyo aliponinusa, hasira zilikuwa zimemwisha. Sasa lilikuwa jambo linalomsumbua. Alinishika mkono akaniambia kwamba watu wanaovuta hunuka kwenye ncha za vidole viwili vya mkono mmoja. Kwangu ncha zilikuwa safi. Moshi ulikuwa hapa, akanionyesha, kwenye panda kati ya kidole gumba na cha shahada, na ukavuka mgongo wa mkono kama utepe. Mikono yote miwili, sawasawa. Akasema amenusa mikono mingi na hajapata kuona mtu anayevuta sigara kwa mgongo wa mkono.

Mchana uliofuata mama mkwe alifika na uzi wa mwisho. Kofia ilikuwa imebaki kufungwa kilele tu. Nilinyosha mikono kama kawaida, akanivisha ule mzunguko, nami nikautazama ulipolala. Ulilala kwenye panda kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulivuka mgongo wa mkono kama utepe. Na sasa niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipitia kila siku: uzi ule haukuwa umenyooka kama uzi wa dukani. Ulikuwa na mawimbi madogo madogo, mawimbi ya uzi uliowahi kuwa kitu kingine. Rangi yake ilikuwa kahawia.

Niliinamisha uso nikaunusa. Mzee alikuwa humo.

Nilimuuliza kama ni ile sweta. Akasema ndiyo, bila kuficha, akishangaa kwamba sikuwa nimejua. Nguo nyingine zote ziligawiwa jamaa baada ya mazishi kama ilivyo desturi, lakini sweta aliificha. Ameilalia mwaka mzima kama mto. Mjukuu alipozaliwa akaanza kuifumua, kipande kwa kipande. Nikamuuliza kama aliufua uzi. Akasema hapana, angeufuaje? Akiufua si atakuwa ameutoa mzee? Alikuwa na sababu zake na alizieleza vizuri, kama mtu anayeeleza mapishi. Mtoto ni mgeni, hajaamua kama anakaa. Kichwa chake kikifunikwa na kitu kinachomnukia yeye mwenyewe, atajijua, na akijijua atakaa.

Sikuwa nimeijua harufu hiyo Woodley kwa sababu Woodley yote inanuka hivyo. Pazia, makochi, vitambaa vya makochi, nywele zetu. Tuliishi ndani yake tukadhani ndivyo hewa ilivyo.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Niliutupa ule uzi chini. Nilisema mambo mengi na mengi yalikuwa ya kijinga, kuhusu ushirikina, kuhusu Wakikuyu na wafu wao, mimi ambaye usiku nilikuwa nikivuta blanketi juu ya kichwa kwa kumwogopa mzee huyo huyo. Mama mkwe alisikiliza. Aliinama akaokota uzi akaupangusa vumbi. Hilo ndilo lililonifanya niseme neno la mwisho.

“Mum, mzee alikufa kwa kifua. Ulimshika mwenyewe akitafuta pumzi. Sasa unataka kumpatia mtoto hicho kifua tena?”

Alizichomoa sindano kutoka kwenye kofia, na safu ya juu ikaanza kujifumua yenyewe, jicho moja baada ya jingine. Akaviweka vyote kikapuni, akachukua chupa ya uji, akaondoka bila kuniaga. Nilimtazama akipita langoni na sikumwita.

Nilidhani mambo yangekuwa mepesi baada ya hapo, lakini jioni sista alipotazama mikono yangu hakuinusa hata. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa limau na jivu na sabuni, na mipasuko mingine ilikuwa inatoa maji. Akasema mikono yenye vidonda haiingii mle, ni mlango wa maradhi, na mpaka ipone nitamtazama mtoto kupitia kioo. Nililia pale pale kwenye sinki. Sista aliniacha nilie, kisha akaniambia mtoto anahitaji kifua cha mtu. Walikuwa wameanza kuwatoa watoto kidogo kidogo na kuwalaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mtoto anayesikia mtu mwingine akipumua huwa hasahau sana. Kama mama hawezi, ndugu yeyote wa karibu anaweza. Nikasema baba yake. Mume wangu alikuwa na mafua makali ya ule mwezi wa saba, anapiga chafya kwenye simu. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, Kitui, na miguu yake mibovu.

Sista akauliza kama hakuna mwingine. Niliitazama mikono yangu, ndipo nikamjibu kwamba yupo nyanya.

Nilimpigia simu mume wangu, yeye akamwambia mama yake. Sikujua kama angekuja. Alikuja asubuhi, mapema kuliko kawaida, bila kikapu. Alikuwa amevaa gauni jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, na kichwani kitambaa kipya, na nilipomkaribia nilinusa bila kutaka. Gauni lilikuwa safi. Yeye hakuwa safi. Alikuwa amelala na mto ule kwa mwaka mzima, na kabla ya mwaka huo alikuwa amelala kando ya mzee mwenyewe kwa maisha yake yote. Hakuzungumzia tuliyosema. Aliniuliza tu kama nimekunywa kitu cha moto.

Sista alimpa koti la hospitali, akamfunika nywele kwa kofia ya karatasi, akampeleka kwenye sinki. Nilisimama kando yake kwa sababu nilikuwa mtaalamu sasa, nikamwelekeza. Kwanza maji, halafu sabuni mpaka viwiko. Chini ya kucha kwa kijiti. Katikati ya vidole. Ilibidi avue pete ya ndoa, na haikutoka upesi. Sabuni ndiyo iliyoitelezesha, na chini yake kulikuwa na mviringo wa ngozi laini ya msichana. Alisuuza, akajikausha, akamnyoshea sista viganja. Sista akanusa, akatikisa kichwa kukataa. Akarudi kusugua. Mara ya pili sista alitikisa kichwa polepole zaidi. Mama mkwe hakulalamika. Alisugua kama mtu anayesugua sufuria ya harusi, kwa bidii na kwa adabu, na mimi niliyekuwa nimemwogopa na kumtukana nilitamani kuyafunga yale maji.

Mara ya tatu hakumpelekea sista. Aliileta mikono puani kwake mwenyewe. Alivuta pumzi, akangoja, akavuta tena, ndefu, macho yamefungwa. Kisha akaishusha.

“Ameenda,” alisema. “Sasa ndiyo nimefiwa.”

Hakuwa akiniambia mimi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale, nikamshika bega juu ya lile koti la hospitali kwa mkono wangu uliofungwa bendeji. Sista alimnusa, akaitikia kwa kichwa, akafungua mlango.

Niliwatazama kupitia kioo. Walimkalisha kwenye kiti karibu na ukuta, wakamfungua koti, wakamtoa mtoto na mipira yake yote ya mashine wakamlaza juu ya kile kifua kikuukuu, wakawafunika wote wawili kwa blanketi. Sehemu moja tu ya mtoto ilionekana, mkono wake, na vidole viwili vilikuwa vimeachana kama kawaida yake. Mama mkwe alivitazama. Najua alivyovitazama, kwa sababu mimi pia nilikuwa nikivitazama vivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Halafu aliingiza kidole chake katikati, kidole kile cha pete, kitupu, na vile vidole vikakifunga.

Baada ya muda mashine ililia. Sista aligeuka lakini alikuwa upande wa pili wa chumba. Nilipiga kioo kwa kiganja. Mama mkwe hakutazama mashine wala hakutazama kioo. Aliinamisha mdomo karibu na ile kofia nyeupe ya hospitali aliyovikwa mtoto akasema kitu, na blanketi likapanda, likashuka, likapanda.

Jioni nilimuuliza sista kama alimsikia amesema nini. Nilikuwa nangojea lile neno, mzee wangu. Nilikuwa nimejiandaa kulisamehe.

Sista akasema alimsikia vizuri. Alimwambia, “Pumua, mtoto. Wewe ni mtoto tu.”